Kifaa cha piezoelektriki cha moyo ni nini?

Aliyewekewa betri ya moyo (pacemaker, kifaa kidogo kinachochochea mapigo ya moyo kwa umeme) anajua kuna siku atarudi tena kwa daktari wa upasuaji, hata kama moyo unaendelea vizuri, kwa sababu betri huisha. Arne Larsson, Mswidi aliyepandikizwa kifaa hicho wa kwanza duniani, Stockholm mwaka 1958, alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 kabla ya kufariki mwaka 2001. Kila badiliko ni kisu, na kila kisu kinakuja na hatari ya maambukizi. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku; kwa nini usijizalishie umeme wake?

Zipo kauri, fuwele na plastiki ambazo ukizibana au kuzipinda hutoa chaji ya umeme; huitwa za piezoelektriki, au piezo kwa kifupi. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walilionyesha jambo hilo Paris mwaka 1880. Kiberiti cha jiko la gesi, kile cha kubonyeza kisicho na betri, hufanya kazi hivyo hivyo: ndani yake kinyundo hugonga kipande cha kauri, cheche ikaruka.

Kwa ajili ya moyo, kauri hukatwa kuwa nyuzi nyembamba mno, zikalazwa juu ya utando laini unaoshonwa kwenye ukuta wa nje wa moyo. Moyo ukijikaza utando hupinda, ukilegea hurudi. Umeme wake hugeuka mwelekeo kila pigo, hivyo hupitishwa kwanza kwenye daiodi, kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ndipo uhifadhiwe. Mwaka 2014 timu ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, pamoja na wenzao, ilionyesha hayo kwa ng'ombe na kondoo. Nguvu inayotakiwa ni ndogo: betri ya moyo hutumia takriban maikrowati 10 (maikrowati ni sehemu moja ya milioni ya wati), ilhali moyo husukuma damu kwa nguvu ya kama wati 1.

Kwangu mimi, matumaini ya karibu zaidi yako kwenye kupima shinikizo la damu. Ukanda wa piezo uliozungushiwa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, hutoa volti wenyewe kila damu inapopita, na daktari husoma umbo la kila pigo. Tatizo ni kwamba piezo huhisi mabadiliko tu. Shinikizo likitulia, chaji huvuja na kupotea, kwa hiyo kipimo chake lazima kilinganishwe na mashine ya kawaida ya presha.

Halafu kuna suala la usalama. Kauri yenye nguvu zaidi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na lazima ifunikwe isivuje hata baada ya kupindwa mamilioni ya mara. Plastiki iitwayo PVDF haina risasi, ila umeme wake ni mdogo. Utando wenyewe ukiwa mgumu, moyo mgonjwa unabebeshwa kazi ya kuupinda.