Data huria za vinasaba: unachokubali unapotoa DNA yako hadharani

Data huria za vinasaba ni taarifa za DNA ya mtu ambazo mwenyewe, kwa hiari yake, ameziruhusu ziwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuzipakua na kuzitumia, awe mtafiti au asiwe. Hakuna barua ya maombi wala kamati ya kupitisha. Usizichanganye na hifadhi kama UK Biobank ya Uingereza, yenye washiriki wapatao 500,000, ambayo hutoa data kwa watafiti waliosajiliwa na ambao miradi yao imekubaliwa. Huko mlango una bawabu. Kwenye data huria mlango uko wazi.

Faili lenyewe halivutii kulitazama. Ni mistari mingi ya maandishi, na kila mstari una namba ya utambulisho, kromosomu, mahali na herufi mbili, moja uliyorithi kwa mama na nyingine kwa baba. Mstari wa rs334, kwenye kromosomu ya 11, ndio unaoonyesha kama mtu amebeba jeni ya selimundu. Jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, ina herufi kama bilioni 3, lakini vipimo vya bei nafuu husoma maeneo laki kadhaa tu. Herufi peke yake hazimwambii mtafiti mengi. Thamani huja zinapoambatana na historia ya afya: presha, kisukari, dawa unazotumia, ugonjwa uliomuua bibi. Ndiyo maana anayetoa vinasaba huombwa na hayo pia.

Faida ipo, tena kubwa. Mwaka 2005 watafiti wa Dallas, Marekani, waligundua kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana mabadiliko katika jeni ya PCSK9 yanayoshusha sana lehemu mbaya mwilini. Miaka 10 baadaye dawa zilizotokana na ugunduzi huo ziliidhinishwa. Utafiti ule haukutegemea data huria, lakini unaonyesha kwa nini data za watu wa asili mbalimbali zinahitajika, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya data zilizopo duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya. Zikiwa huria, hata mwanafunzi asiye na taasisi nyuma yake anaweza kuzichambua, na mwenzake akayahakiki majibu yake.

Sasa tuje kwenye ridhaa, maana hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2005 George Church, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianzisha Personal Genome Project, mradi wa kukusanya data huria za vinasaba, kwa utaratibu unaoitwa ridhaa ya wazi. Mshiriki haahidiwi kwamba jina lake litabaki siri. Anaelezwa kinyume chake, kwamba huenda akatambulika, na hufanya mtihani kuthibitisha kwamba ameelewa kabla ya kukubaliwa. Mwaka 2013 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, na wenzake walionyesha kwamba maelezo hayo hayakutiwa chumvi: kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu waliweza kupata majina ya washiriki wengi. Kwangu mimi, mradi unaosema hivi mapema unamheshimu mtu kuliko ule unaoahidi usiri usioweza kuutunza.

Kuficha kipande kimoja nako hakutoshi. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliruhusu jenomu yake itangazwe isipokuwa jeni ya APOE, inayohusiana na hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Wanasayansi wengine wakaonyesha kwamba ingeweza kukisiwa kutokana na herufi jirani, kwa sababu vipande vilivyo karibu hurithiwa pamoja. Ikabidi eneo kubwa zaidi liondolewe.

Kisha kuna ndugu. Unashirikiana takriban nusu ya vinasaba vyako na kila mzazi, na kila mtoto. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji wa miaka mingi kwa kufuata ndugu wa mbali waliokuwa kwenye GEDmatch, tovuti ambako watu huweka DNA zao ili kutafuta ndugu, ingawa mtuhumiwa mwenyewe hakuwa ameweka DNA yake humo. Mimi naunga mkono kutoa data hizi kwa utafiti, lakini ndugu wa tumbo moja wanastahili kuambiwa kabla, si baada.

Kujitoa kuna mipaka. Hifadhi ya openSNP, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilifungwa mwaka 2025 na waendeshaji wakafuta data zote walizokuwa nazo, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa na watu haziwezi kurudishwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, soma leseni uone kama matumizi ya kibiashara yanaruhusiwa, na uangalie sheria ya nchi yako inakulinda hadi wapi. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2008 inamzuia mwajiri na kampuni ya bima ya afya kukubagua kwa vinasaba vyako, lakini haigusi bima ya maisha.