Uchambuzi wa mahitaji: fuata oda moja mpaka mwisho wake

Wanaoanza kujifunza uchambuzi wa mahitaji, yaani kazi ya kutafuta na kuandika mfumo wa kompyuta unatakiwa ufanye nini, huniuliza sana waanze na mchoro gani. Mimi huwaambia wasichore kwanza. Chukua oda moja ya mteja, ifuate tangu inapopokelewa mpaka fedha inapoingia benki, na kila inapobadilisha mikono uliza: nani kaishika, kaandika nini juu yake, na ana mamlaka ya kuamua nini? Mifumo mingi ya taarifa za biashara, iwe ya mauzo, ghala au uhasibu, kazi yake kubwa ni kutunza kumbukumbu zinazopita hatua moja hadi nyingine. Ukiijua safari ya kumbukumbu moja barabara, utakuwa na cha kuchora.

Tuseme kampuni inayouza kwa jumla imepokea oda ya katoni 100. Muulize meneja wa mauzo kazi inakwendaje, atakueleza: oda inaingia, inaidhinishwa, mzigo unatoka, ankara inatumwa, mteja analipa. Yote ni kweli, lakini huwezi kujengea mfumo maelezo hayo. Sasa nenda ghalani umuulize mtunza ghala: zikiwepo katoni 60 tu, mnafanyaje? Atakwambia wanapeleka 60, na 40 zinasubiri.

Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Ankara iandikwe ya katoni 60 au 100? Bei ikipanda kabla zile 40 hazijatoka, mteja atatozwa bei ipi? Akisema hazitaki tena, nani anaruhusiwa kuifunga oda? Na katoni 3 zikifika zimelowa, hesabu inarekebishwaje? Meneja wa mauzo atakwambia ifutwe ankara iandikwe nyingine. Mhasibu hatakubali: kwake ankara iliyokwisha kutoka haifutwi, inatolewa hati nyingine ya kumpunguzia mteja deni, ili kila badiliko lionekane kwenye vitabu. Hapo una wadau wawili, mahitaji mawili yanayogongana, na hakuna mchoro utakaokuamulia. Wakutanishe, au mpelekee aliye juu yao aamue, kisha uandike uamuzi pamoja na sababu yake.

Usidhani meneja alikuficha kitu. Mtu akieleza kazi yake, hueleza siku ambayo mambo yamenyooka. Kwa hiyo badala ya kuuliza "huwa mnafanyaje?", uliza "mara ya mwisho mzigo ulipopungua, ilikuwaje?" Swali la pili humrudisha kwenye tukio lenyewe, na matukio hubeba mambo ambayo maelezo ya jumla huyaacha nje.

Masharti yakianza kurundikana, chombo ninachokipenda kuliko vyote ni jedwali la maamuzi, linaloorodhesha kila mchanganyiko wa masharti na la kufanya katika kila hali, na inaniuma kuona wanafunzi wakilipita juu juu. Chukua idhini ya oda. Je, mteja amevuka kikomo cha mkopo? Ana ankara iliyopitisha tarehe ya kulipwa? Bidhaa zote zipo? Maswali 3 ya ndiyo au hapana yanazaa hali 8. Ziandike zote, hata zile unazoona haziwezekani, kisha keti na mhusika mzipitie moja moja. Mtafika mahali atanyamaza, halafu aseme, "Hilo kwa kweli hatujalipangia." Hilo nalo ni jambo la kuamuliwa na wenye biashara. Ukiliacha, ataliamua mwandishi wa programu peke yake akiwa katikati ya kazi, na hakuna atakayejua mpaka mteja alalamike.

Michoro ina nafasi yake. Ule wa vitu na mahusiano aliouchapisha mtaalamu wa kompyuta Peter Chen mwaka 1976 bado unafaa sana, kwa sababu unakulazimisha kuuliza mteja mmoja anaweza kuwa na anwani ngapi za kupokelea mzigo, na jibu lake linabadilisha hifadhidata nzima. UML, lugha ya michoro ya kueleza mifumo ya programu, na BPMN, ya kuchora hatua za kazi za biashara, jifunze kuzisoma vizuri. Kuzichora kwa ustadi kutakuja na kazi.

Kwenye kuandika mahitaji, pima kila sentensi kwa swali moja: nitajuaje kwamba hitaji hili limetimizwa? "Mfumo uwe wa haraka" haipimiki. "Watumiaji 200 wakiwa ndani kwa wakati mmoja, asilimia 95 ya utafutaji wa ankara upate majibu ndani ya sekunde 2" inapimika, na mtu anaweza kuipinga akiwa na hoja. Kiwango cha kimataifa cha kazi ya mahitaji, ISO/IEC/IEEE 29148, toleo la 2018, kinataka pia kila hitaji libebe jambo moja tu. Ukiona "na" katikati ya sentensi, angalia kama hujafunga mahitaji mawili pamoja.

Kama huna kampuni ya kujifunzia, omba fomu za karatasi zilizokwisha kujazwa, hata za chama kidogo au maktaba, majina yakiwa yamefichwa. Usipoteze muda kwenye visanduku vilivyojazwa sawasawa. Soma yaliyoandikwa pembeni kwa mkono, yaliyokatwa, na yaliyosongamana kwenye sehemu ya "maelezo mengine". Kila mojawapo ni jambo ambalo aliyetunga fomu hakuliwazia. Chagua moja, ulifuate mpaka mwisho, kisha uliandike kama hitaji linalopimika.