Lenzi inayozama: nani anaihitaji kweli?

Tangu Leica ya kwanza, kamera ndogo ya filamu ya Kijerumani, mwaka 1925, lenzi nyingi za 50mm za kamera hizi zilitengenezwa zizame ndani ya mwili wa kamera, kama antena ya redio. Ukitaka kupiga, unavuta neli, unazungusha mpaka ikaze. Wateja huniuliza kama raha hiyo ina thamani. Mimi huuliza kwanza: ni lenzi ya f ngapi, yaani tundu lake la kupitisha mwanga hufunguka kiasi gani? (Namba ndogo, tundu kubwa.)

Lenzi ya Elmar 50mm f/3.5, iliyobuniwa na Max Berek wa Leica, ina vioo vinne tu. Ikizama kwenye Leica II ya 1932, kamera nzima inaingia mfuko wa koti. Hapo faida ni ya kweli. Kwenye f/8 picha ni kali ajabu. Tundu likiwa wazi kabisa, pembe za picha hulegea, na zile za kabla ya vita, ambazo vioo vyake havikupakwa dawa ya kuzuia mng'ao, hazipendi jua la mbele. Kubadilisha tundu ni kero: kijimeno chake kiko usoni mwa lenzi, kidogo kuliko ukucha.

Summicron f/2 ya 1953, lenzi nyingine ya Leica inayozama, ni habari nyingine. Kioo ni bora, lakini lenzi ni nene, hata ikizama bado inachomoza. Unabeba udhaifu wa neli bila kupata wembamba wenyewe. Kwa tundu hilo ningechukua ile isiyozama ya 1956.

Udhaifu gani? Neli ikichakaa hucheza, lenzi ikainama kidogo, na kwenye f/2 upande mmoja wa picha hufifia. Kila ukiisukuma ndani, hewa na vumbi vinasukumwa pia. Kubwa zaidi: renjifainda, kifaa cha kupima umbali kwa kukutanisha taswira mbili, haitazami kupitia lenzi. Ukisahau kuivuta, taswira mbili bado zitakutana vizuri dirishani, maana kinachoisukuma renjifainda ni uzi wa fokasi (skrubu ya kulengea), si neli. Filamu ikisafishwa ndipo unaona ukungu mtupu.

Unaponunua, ivute, ikaze, kisha itikise kwa vidole viwili. Ikicheza, punguza bei au iache. Mulika kurunzi kwa nyuma kutafuta utando kwenye vioo vya ndani. Ukiwa na Leica M5 ya 1971, usiizamishe: nyuma ya lenzi kuna kimkono cha kupimia mwanga, nayo neli inaweza kukigonga.