Gari la umeme halirudishi stima kwa waya wa kuchajia

Stima ikipotea Nairobi, wenye magari ya umeme huambiwa: chomeka gari kwenye soketi, nyumba itawaka. Sivyo. Chaja iliyo ndani ya magari mengi hubadilisha umeme wa ukutani uingie kwenye betri, na njia hiyo ni ya kuingia tu.

Yapo yanayoweza kutoa. Hyundai Ioniq 5 ina adapta inayotoa hadi kilowati 3.6, unachomeka friji moja kwa moja. Nissan Leaf za vizazi vya awali nazo huweza, ila kupitia tundu lao la CHAdeMO (aina ya soketi ya kuchaji haraka) na mtambo maalumu, ambao ni ghali.

Betri yenyewe inatosha, tena sana. Ukitumia kilowati-saa 20 kwa friji, taa, runinga na ruta, tuseme wati 400 kwa wastani, ni takriban siku mbili. Kuoga kwa maji ya shawa ya umeme sahau.

Ninachowasihi: msiunganishe gari na nyaya za nyumba bila fundi mwenye leseni na swichi ya kukata laini ya nje. Umeme wa gari ukirudi kwenye nguzo, unaweza kumuua fundi anayetengeneza laini.