Git inakumbuka nini, na nini haikijui kabisa

"Kaka, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji."

Kijana niliyekuwa namfundisha kuandika programu alinipigia usiku, sauti yake kama ya mtu aliyefiwa. Alikuwa akitumia Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Alikuwa amenakili amri ya git reset --hard mahali fulani mtandaoni, akaiendesha, na komiti zake sita, yaani hatua za kazi alizozihifadhi kwenye historia hiyo, hazikuonekana tena. Nilimwuliza swali moja tu: ulikuwa umeshakomiti? Akasema ndiyo. Nikamwambia atulie, aandike git reflog. Komiti zote sita zilikuwepo, zimejipanga mstari mmoja baada ya mwingine. Akachukua namba ya ile ya mwisho, akaifungulia tawi jipya, yaani mkondo wa kazi wenye jina lake, kazi ikarudi.

Wengi wanaamini kwamba reset --hard huteketeza komiti. Ukweli ni kwamba, kwa upande wa komiti, amri hiyo husogeza tu kielekezi cha tawi, yaani alama inayoonyesha komiti yake ya mwisho. Komiti zilizoachwa nyuma hubaki ndani ya folda ya .git, na reflog ni daftari linaloandika kila mahali kielekezi kilipopita. Kwa mipangilio ya kawaida, kumbukumbu za komiti ambazo tawi halizifikii tena hukaa humo siku 30, na zile zinazofikiwa bado hukaa siku 90. Daftari hilo ni la kompyuta yako peke yake. Mwenzako akikloni mradi leo, yaani akijinakilia mradi pamoja na historia yake, reflog yako hataiona.

Kama angejibu hapana, simu ile ingeisha vingine. Mabadiliko kwenye faili linalofuatiliwa na Git, ambayo hukuwahi kuyapitisha kwenye git add (amri ya kuyaandaa kwa komiti), reset --hard huyafuta na Git haina kumbukumbu yake hata kidogo, kwa sababu haikuwahi kukabidhiwa. Ukiwa umefanya git add bila kukomiti, uko katikati: maudhui ya faili yameshaandikwa ndani ya .git, na git fsck --lost-found huweza kuyafukua, ingawa yatakuja bila majina ya faili na itakubidi uyafungue moja moja. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wakomiti mapema na wakomiti mara nyingi, hata kama ujumbe wa komiti bado ni mbovu. Ujumbe unarekebishika. Kazi ambayo haikukomitiwa hairekebishiki.

Hofu hii ina mzizi wake, nao ni dhana nyingine: kwamba Git huhifadhi tofauti kati ya toleo moja na jingine, kama orodha ndefu ya marekebisho ambayo ukiivuruga kidogo basi mnyororo mzima umekatika. Sivyo inavyofanya kazi. Kila komiti ni picha ya mradi mzima kama ulivyokuwa wakati huo. Faili lisilobadilika halinakiliwi upya. Komiti mpya huelekeza pale pale lilipokuwa. Kila kitu humo hupewa jina linalotokana na maudhui yake yenyewe, kwa kawaida namba ya SHA-1 yenye alama 40, kwa hiyo huwezi kubadilisha hata herufi moja ya historia na jina likabaki lile lile. Ni kweli kwamba baadaye Git hubana vitu hivyo kwenye pakiti, na huko hutumia tofauti ili kuokoa nafasi ya diski. Hilo ni suala la stoo tu. Wewe unayefanya kazi unashughulika na picha kamili.

Ukishaelewa hapo, tawi nalo halitishi. Niliwahi kufanya kazi na timu iliyokataza kufungua matawi, kwa kuamini kwamba kila tawi ni nakala ya mradi mzima na seva itajaa. Watu sita tukawa tunasukuma msimbo, yaani kuupeleka kwenye seva, kwenye tawi moja, kila jioni mvutano. Tawi ni kielekezi. Kwa kawaida huhifadhiwa kama faili la baiti 41: zile alama 40 za komiti, na alama ya kumaliza mstari. Fungua matawi mia, hutafikisha hata kilobaiti tano.

"Git na GitHub si kitu kimoja?" Hapana, ni vitu viwili. Git ilianzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo waliokuwa wakitunzia msimbo wao. Miezi michache baadaye alimkabidhi Junio Hamano uangalizi wake. GitHub ilikuja 2008, ni huduma ya kutunza hazina za Git, yaani miradi pamoja na historia yake, kwenye seva zake, na Microsoft iliinunua 2018. Git haiihitaji GitHub, wala haihitaji intaneti. Bando likiisha, bado unakomiti, unafungua matawi, unasoma historia yote tangu siku ya kwanza, kwa sababu hazina kamili imo kwenye laptopi yako. Upande wa pili wa jambo hilo unasahaulika: kama hujaisukuma popote na laptopi ikaibiwa, historia imeondoka nayo.

Kuna pia wanaodhani kwamba matawi yakiungana bila mgongano, msimbo uko salama. Git haielewi lugha yoyote ya programu. Inalinganisha mistari ya maandishi. Ukibadilisha jina la fanksheni hesabuNauli kwenye faili moja, na mimi kwenye tawi langu nikaongeza faili jipya linaloiita kwa jina la zamani, Git itaunganisha kimya kimya na programu itavunjika. Majaribio ndiyo yatakayokuambia, kwa hiyo yaendeshe baada ya kuunganisha pia.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: "Nimeshafuta lile faili la nywila, nimekomiti tena, yameisha." Hayajaisha. Kumbuka picha kamili. Komiti ya jana bado ina faili lile, na yeyote mwenye kloni ataliona kwa git log -p bila utaalamu wowote. Kama hazina ilikuwa wazi kwa umma, kuna programu zinazozichungulia hazina hizo mchana na usiku zikitafuta funguo za huduma za wingu, za hifadhidata na za malipo. Chukulia kwamba ufunguo umeshachukuliwa.

Mpangilio wa hatua ni muhimu, na nimeona watu wakiugeuza. Kwanza kabisa batilisha ufunguo wenyewe kule ulikotolewa, utoe mpya. Hatua hii haingoji asubuhi. Baada ya hapo ndipo ushughulike na historia, kwa chombo kama git filter-repo, ukijua kwamba namba za komiti zote kuanzia pale zitabadilika na kila mwenzako atalazimika kukloni upya. Hata hivyo nakala zilizokwishachukuliwa na watu wengine huwezi kuzifikia. Kusafisha historia bila kubatilisha ufunguo ni kufagia chumba huku mwizi ameshika funguo za nyumba.

Na .gitignore, faili la kuorodhesha yale ambayo Git iyapuuze, haikuokoi kama umechelewa. Inazuia tu mafaili ambayo Git haijaanza kuyafuatilia. Kama .env, faili ambalo wengi huweka nywila na funguo, ilishakomitiwa, kuiandika humo leo hakubadilishi kitu mpaka uendeshe git rm --cached .env, ukomiti. Faili litabaki kwenye kompyuta yako, Git itaacha kulifuatilia kuanzia hapo, na zile komiti za nyuma zitaendelea kulibeba kama kawaida.