Kupanda kwa Ada za Masoko ya Mtandaoni na Hesabu ya Muuzaji Mdogo

Muuzaji mdogo anayepata taarifa kwamba soko la mtandaoni analouzia limepandisha kamisheni kutoka asilimia 15 hadi asilimia 18 huona ongezeko la 3 katika kila 100, na mara nyingi hulichukulia kuwa jambo la kuvumilika. Hesabu hiyo imeanzia mahali pasipostahili. Kamisheni hukatwa kwenye bei ya mauzo, ilhali muuzaji anaishi kwa faida, na faida ni kipande kidogo tu cha bei hiyo. Tuchukue bidhaa inayouzwa kwa 100, iwe ni fedha ya nchi yoyote. Kuitengeneza au kuinunua kunagharimu 60, vifungashio na gharama nyingine ndogondogo ni 10, na soko linakata 15, hivyo muuzaji anabaki na 15. Kamisheni ikifika 18 anabaki na 12. Moja ya tano ya kipato chake imeondoka, na hakuna mteja hata mmoja aliyempoteza. Akitaka kuirudisha ile 15, kuongeza bei kwa 3 hakumtoshi, kwa sababu soko hukata pia sehemu ya hicho alichoongeza. Itambidi auze kwa karibu 104.

Nimeanza na hesabu hii kwa makusudi, kwa kuwa wauzaji wengi wanaokuja kutafuta ushauri baada ya mauzo yao kukua huku akiba ikipungua hawajawahi kuifanya. Wanajua mauzo yao ya mwezi kwa kichwa. Faida ya oda moja, baada ya makato yote, hawaijui.

Namna mabadiliko ya ada yanavyotangazwa nayo huchangia kuficha uzito wake. Soko la Etsy, lililoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wauzaji wa kazi za mikono na vitu vya zamani, lilikuwa likikata asilimia 3.5 ya bei hadi Julai 2018, lilipopandisha kiwango hicho kufikia asilimia 5. Aprili 2022 kiwango kilipanda tena hadi asilimia 6.5. Kutoka 5 hadi 6.5 husomeka kama tofauti ya moja na nusu, lakini aliyekuwa akilipa 5 kwa kila 100 na sasa analipa 6.5 ameongezewa ada yake kwa asilimia 30. Maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa siku kadhaa mwezi huo ili kupinga, na kiwango kipya kikabaki palepale.

Mabadiliko ya mwaka 2018 yalikuwa na jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lilistahili kujadiliwa zaidi ya kiwango chenyewe: kamisheni ilianza kukatwa pia kwenye gharama ya usafirishaji anayolipa mnunuzi. Muuzaji anayepokea dola 10 za usafirishaji na kuzikabidhi zote kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi hajapata chochote katika fedha hizo, lakini anazilipia kamisheni. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha viwango vya masoko mawili, ni lazima kuuliza asilimia hiyo inakatwa kwenye nini: bei ya bidhaa peke yake, bei pamoja na usafirishaji, au jumla yote ikiwemo kodi. Viwango viwili vinavyofanana kwenye karatasi vinaweza kutofautiana sana mfukoni.

Kisha zipo ada za kiasi maalumu, zisizojali bei ya bidhaa, na hizi ndizo zinazomuumiza zaidi anayeuza vitu vya bei ndogo. Kwa muuzaji wa Etsy aliyeko Marekani, kuorodhesha bidhaa moja ni senti 20, na kuchakata malipo ni asilimia 3 pamoja na senti 25 kwa kila oda. Tukiweka usafirishaji kando na kujumlisha ile kamisheni ya asilimia 6.5, bidhaa ya dola 50 inakatwa kwa jumla dola 5.20, yaani asilimia 10.4. Bidhaa ya dola 5 inakatwa karibu senti 93, ambazo ni zaidi ya asilimia 18. Soko ni lilelile na masharti ni yaleyale, lakini mwenye bidhaa ndogo analipa kwa uwiano karibu maradufu. Ndiyo sababu kuunganisha vitu vidogo kuwa seti moja, pale inapowezekana, si mbinu ya kuvutia wateja tu. Ni njia halali ya kupunguza ada.

Katika masoko makubwa zaidi, kamisheni ni mlango wa kwanza tu. Amazon ilifungua soko lake kwa wauzaji wasio wa kampuni hiyo mwaka 2000, na nchini Marekani aina nyingi za bidhaa hukatwa kamisheni ya asilimia 15. Muuzaji wa daraja la kitaalamu hulipa pia dola 39.99 kwa mwezi. Tangu mwaka 2006 kampuni hiyo inatoa huduma ya kumhifadhia muuzaji bidhaa ghalani, kuzifungasha na kuzisafirisha, kwa ada zinazotegemea ukubwa, uzito na muda wa kukaa ghalani. Aprili 2022 iliongeza juu ya ada za huduma hiyo asilimia 5 nyingine, ikitaja bei za mafuta na mfumuko wa bei. Juu ya hayo yote kuna matangazo ya kulipia. Kwa jina, matangazo ni hiari. Kwa vitendo, nafasi za juu katika ukurasa wa utafutaji zinapojazwa na bidhaa zilizolipiwa, asiyelipa husukumwa chini ambako wanunuzi wachache hufika, na hiari hiyo hupungua maana. Mimi huwashauri wauzaji kuyaandika matangazo katika safu ileile ya kamisheni kwenye daftari lao, kwa kuwa yanatoka kwenye faida ileile. Katika mfano wetu wa mwanzo, aliyebaki na 12 akitumia 5 kwa matangazo ili kuuza bidhaa moja, amebaki na 7.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, pamoja na majimbo 17, iliishtaki Amazon Septemba 2023, na miongoni mwa madai yake ni kwamba ada zote zikijumlishwa wauzaji hulazimika kuiachia kampuni hiyo karibu nusu ya mapato yao. Kampuni inayapinga madai hayo, na kazi ya kuyaamua ni ya mahakama.

Kwa nini ada hupanda? Ni haki kukiri kwanza kwamba soko la mtandaoni lina gharama za kweli. Kuzuia ulaghai, kuendesha mitambo, kushughulikia malalamiko na kurejesha fedha za wateja ni kazi zinazohitaji watu na mitaji, na muuzaji anayejaribu kuzifanya peke yake hugundua haraka kwamba si nyepesi. Hata hivyo, gharama hazielezi kila kitu. Soko jipya halina thamani mpaka liwe na wauzaji na wanunuzi kwa wakati mmoja, na kila upande huufuata mwingine. Kwa hiyo mwanzoni huwavuta wote kwa ada ndogo, hata kwa hasara. Wanunuzi wakishazoea kutafuta kila kitu mahali pamoja, muuzaji hawezi tena kuondoka bila kuwaacha nyuma. Wanauchumi wa Ufaransa Jean-Charles Rochet na Jean Tirole, katika uchambuzi wao wa mwaka 2003 kuhusu masoko ya pande mbili, walionyesha kwamba mwenye jukwaa hupanga mzigo wa bei kati ya pande hizo kulingana na jinsi kila upande unavyoitikia bei. Mnunuzi ana njia nyingi za kuondoka. Muuzaji mdogo amefungwa na tathmini alizokusanya kwa miaka, nyota ambazo haziwezi kuhamishwa kwenda soko jingine, na orodha ya wateja ambayo si yake.

Ushahidi kwamba ushindani una nguvu kuliko gharama unaonekana kwa eBay. Mwaka 2023 nchini Ujerumani, na mwaka 2024 nchini Uingereza, kampuni hiyo iliwaondolea wauzaji binafsi ada za mauzo ya bidhaa nyingi, katika nchi ambako Vinted, soko la mtandaoni la nguo na vitu vilivyotumika, ilikuwa imekwishavuta watu wengi kwa kutomtoza muuzaji na kumtoza mnunuzi badala yake. Gharama za kuendesha soko hazikutoweka; nchini Uingereza ada ya upande wa mnunuzi ilifuata mwaka 2025. Wauzaji waliosajiliwa kama wafanyabiashara hawakupata nafuu hiyo, nao ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kuondoka.

Muuzaji mkubwa hukutana na ada hizohizo akiwa na nafasi ya kupumua: ana tovuti yake, hununua kwa bei ya jumla na husafirisha kwa mikataba nafuu. Mdogo hubaki na njia tatu, nazo zote ni chungu. Hupandisha bei na kuhatarisha mauzo, hupunguza ubora, au hufanya kazi kwa saa zilezile kwa ujira mdogo zaidi. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi, na ndiyo isiyoonekana katika takwimu yoyote, kwa sababu muuzaji hajiandikii mshahara.

Mnunuzi naye huguswa, hasa pale soko linapomzuia muuzaji kuuza kwa bei ndogo mahali penye ada ndogo. Sharti la aina hiyo lilikuwepo Amazon barani Ulaya hadi mwaka 2013, lilipoondolewa baada ya mamlaka za ushindani za Ujerumani na Uingereza kulichunguza. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbele zaidi kwa Kanuni ya 2019/1150, inayotumika tangu Julai 2020: jukwaa linalobadilisha masharti yake kwa mfanyabiashara ni lazima limpe taarifa angalau siku 15 kabla, na lieleze vigezo vikuu vinavyopanga nafasi ya bidhaa katika matokeo ya utafutaji. Kanuni hiyo haipangi kiwango cha ada. Inampa muuzaji muda wa kuhesabu, na muda huo ni wa thamani kwa anayejua la kuufanyia.

La kuufanyia ni hili. Chukua oda 20 za mwisho, na kwa kila moja andika alicholipa mnunuzi, kisha toa kila kato lililo katika taarifa ya malipo ya soko, toa matangazo, toa gharama ya bidhaa zilizorudishwa, toa usafirishaji na vifungashio, na mwisho toa thamani ya saa ulizotumia. Rudia hesabu hiyo kwa viwango vipya kabla havijaanza kutumika. Kwa kawaida itaonekana kwamba baadhi ya bidhaa zinabeba nyingine, na kwamba chache zimekuwa zikiuzwa kwa hasara kwa muda mrefu. Hizo ziondolewe sokoni au zipandishwe bei kwanza, badala ya kuongeza bei ya kila kitu kwa kiwango kimoja. Anayefungua tovuti au duka la pili asome kwanza masharti ya soko la awali, kwa sababu masoko mengi hukataza kumwelekeza mnunuzi nje ya jukwaa, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa akaunti pamoja na fedha ambazo bado hazijalipwa.