Mpira wa shingoni na eko ya moyo: maswali tunayoulizwa Lamu

Sista, mzee wangu anaugua figo na anasafishwa damu kwa mpira wa shingoni. Mbona ameandikiwa kipimo cha moyo?

Kwa sababu mpira ule hauishii shingoni. Unapita ndani ya mshipa mkubwa hadi ncha yake ikae mlangoni mwa moyo, au ndani kabisa ya chumba cha juu cha kulia. Eko ni ultrasaundi ile ile ya wajawazito, ila huelekezwa kifuani. Haina mionzi. Atalala ubavu wa kushoto, apakwe jeli ya baridi, basi.

Daktari anatafuta nini?

Kwanza, donge la damu kwenye ncha. Kwenye skrini hucheza kwa kila pigo la moyo, kama mwani ulionasa kwenye amari. Likikatika laweza kuziba mishipa ya mapafu. Pia hutazama kama vijidudu vimeota kwenye vali, yaani vilango vya ndani ya moyo, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia, na kama damu au maji yamejaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Hilo la mwisho ni nadra, lakini halingoji kesho: moyo hubanwa, presha ikashuka.

Akiunganishwa na mashine hutetemeka kwa baridi. Si malaria?

Huenda, na apimwe. Lakini baridi inayokuja kila mashine ikiwashwa, na nyumbani hana, mimi huushuku mpira kwanza. Damu itolewe ikaoteshwe maabara kabla ya dawa kuanza, maana eko haitaji jina la kijidudu.

Eko ikitoka safi, tumepona?

Bado. Kupitia kifuani, ncha ya mpira mara nyingi haionekani vizuri, na uoto mdogo kwenye vali hupita bila kuonwa. Homa ikiendelea, huenda akahitaji eko ya kupitia kooni. Hufunga kula kwa muda wa saa 6 hivi, hupewa dawa ya kumtuliza, kisha humezeshwa kifaa chembamba kinachoutazama moyo kwa nyuma.

Tunavuka kwa boti hadi Mokowe. Akirushiwa maji?

Mkalisheni nyuma, mbali na omo, shingo ikiwa ndani ya koti la mvua. Leso haitoshi, inanyonya maji. Bandeji ikilowa, muuguzi aibadilishe siku hiyo hiyo, msiifungue nyumbani.